Karatasi ya Maulizo Si Mtihani

USALAMA NA AFYA



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu, miwani na vumbi. Leo tunasema juu ya hatari isiyoonekana kwa macho, lakini inayoweza kumwangusha mtu mzima kama jiwe: huzuni nzito iliyogeuka kuwa ugonjwa. Waganga wa hospitali wanauita depresioni. Vitabu vya Tanzania vinauita sonona. Sisi hapa tunasema tu: "Anawaza sana", au "Roho inamuuma".

Tunataka hasa kusema juu ya chombo kinachotumika kuupima ugonjwa huu. Chombo hicho si mashine. Ni karatasi yenye maulizo, ambayo wewe mwenyewe unaijibu.

Labda umekwisha kuiona. Ulikwenda hospitali kwa sababu kichwa kinauma na usingizi hauji. Muuguzi akakupa karatasi na kalamu. Ukasoma ulizo la kwanza, ukatazama mlangoni, ukasema moyoni: "Nikijibu kweli, wataandika kwamba mimi ni kichaa. Kazi itakwisha." Basi ukaweka alama kwenye "hapana" tangu juu mpaka chini, ukairudisha karatasi, ukarudi nyumbani na mzigo wako uleule.

Kama ulifanya hivyo, maneno ya leo ni yako.

KUGONGA MWAMBA

Kila mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi, kama kule Kipushi, anajua desturi hii. Baada ya kulipua, kikosi hakiingii mahali pa kazi moja kwa moja. Mtu mwenye ujuzi anasimama mahali palipo salama, anashika mtaimbo mrefu, anagonga paa la shimo na kusikiliza. Mwamba mzima unatoa sauti kali, safi. Mwamba ulioachana na wenzake unatoa sauti ya utupu, kama ngoma.

Angalia mambo matatu. Kwanza, mtaimbo wa kugonga hauzuii paa lisianguke. Unakuambia tu hali yake. Pili, sauti ya ngoma si mwisho wa habari. Baada yake mkubwa wa kazi anakuja, anatazama, anaamua: tuangushe jiwe hili, au tuweke nguzo. Tatu, mtu anayegonga polepole makusudi, ili asisikie sauti mbaya, hakumdanganya mwamba. Amejidanganya yeye na wenzake.

Karatasi ya maulizo ni mtaimbo wa namna hiyo. Inagonga na kusikiliza. Haiponyi, haihukumu. Lakini tofauti moja iko: huku sauti inatoka kinywani mwako wewe. Ukiizuia, hakuna munganga atakayeisikia.

MAULIZO YENYEWE NI YAPI?

Karatasi za namna hii ni nyingi. Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, alitoa yake mwaka 1961, yenye maulizo 21. William Zung alitoa yake mwaka 1965, yenye maulizo 20. Shirika la Afya Duniani nalo lilitafuta karatasi itakayofaa katika zahanati za nchi zisizo na waganga wengi wa akili. Ilikuwa na maulizo ya kujibiwa "ndiyo" au "hapana" tu. Ilijaribiwa Kolombia, India, Ufilipino na Sudani, na matokeo yakatolewa mwaka 1980.

Leo inayotumika sana duniani inaitwa PHQ-9. Ilitoka Marekani mwaka 1999, na ina maulizo 9. Yote yanauliza juu ya majuma mawili yaliyopita, yaani posho mbili kama tunavyohesabu hapa Katanga. Kwa maneno yetu yanauliza hivi:

1. Je, vitu vilivyokufurahisha zamani havikuvuti tena?
2. Je, una huzuni, au huoni tumaini mbele?
3. Je, usingizi unakataa, au unalala kupita kiasi?
4. Je, unachoka, huna nguvu?
5. Je, chakula hakipiti, au unakula kupita kiasi?
6. Je, unajiona mtu bure, mtu aliyeangusha jamaa yake?
7. Je, akili haitulii juu ya jambo moja?
8. Je, umekuwa mzito wa kusema na kutembea mpaka watu wanaona, au kinyume chake, huwezi kukaa mahali pamoja?
9. Je, umewaza kwamba afadhali ungekufa, au umewaza kujiumiza?

Kwa kila ulizo unachagua jibu moja kati ya manne. Kama jambo hilo halikukupata hata kidogo, ni 0. Kama lilikupata siku kadhaa, ni 1. Kama lilikupata zaidi ya nusu ya siku hizo, ni 2. Kama lilikupata karibu kila siku, ni 3. Munganga anajumlisha. Jumla ya chini ni 0, ya juu ni 27. Chini ya 5 ni hali ya kawaida. Toka 5 mpaka 9 ni dalili ndogo. Toka 10 mpaka 14 ni za katikati. Toka 15 dalili ni kali kiasi, na toka 20 kwenda juu ni kali sana.

Tazama jinsi maulizo mengi yanavyogusa mwili: usingizi, nguvu, chakula, mwendo. Usifikiri basi kwamba ugonjwa huu ni wa kulialia tu. Wanaume wengi walio nao hawalii kabisa. Wanakasirika upesi, wanakaa kimya mezani, bukari inapoa mbele yao, na jioni wanatafuta lutuku ili walale. Pombe inaleta usingizi wa saa chache na kuongeza huzuni ya kesho.

Na kwa nini jambo hili liwe kwenye ukurasa wa usalama? Soma tena ulizo la tatu, la nne na la saba. Mtu asiyelala, asiye na nguvu, ambaye akili yake haikai juu ya jambo moja, ndiye huyo anayeendesha gari kubwa la madini, anayefunga mkanda wa mashine, anayehesabu baruti. Wenzake wote wamo mikononi mwake.

HESABU INASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Hapa watu wengi wanakosea. Mmoja anaona 14 na kulia: "Nimekwisha!" Mwingine anaona 6 na kusema: "Mimi mzima kabisa." Wote wawili wanaiamini karatasi kupita nguvu yake.

Tufanye hesabu pamoja. Mwaka 2001 watengenezaji wa PHQ-9 walichapisha matokeo ya kuipima karatasi yao. Walilinganisha majibu ya watu na uamuzi wa wataalamu waliozungumza nao. Waliona kwamba ukiweka mpaka kwenye 10, karatasi inawatambua wagonjwa 88 katika kila 100, na inawaacha kwa amani wazima 88 katika kila 100. Ni kazi nzuri. Lakini tuchukue mfano wa watu 100, na tuseme 10 kati yao ndio wagonjwa kweli. Karatasi itawatambua kama 9, na mmoja atapita bila kuonekana. Kati ya wale 90 walio wazima, kama 11 nao watapata 10 au zaidi. Basi watakaoitwa ni 20, na wagonjwa kweli kati yao ni 9 tu.

Umeona? Katika mfano huu, zaidi ya nusu ya walioitwa si wagonjwa wa depresioni. Ndiyo sababu jumla kubwa haina maana ya "wewe mgonjwa". Maana yake ni "njoo tuzungumze". Sauti ya ngoma imesikika, sasa mkubwa wa kazi aje atazame.

Mambo mengine pia yanaweza kuipandisha hesabu. Kama umefanya kazi ya usiku majuma mawili, usingizi wako na nguvu zako zimeharibika hata kama roho ni nyeupe. Kama malaria ndiyo imekutoka juzi, chakula hakipiti na mwili ni mzito. Kama ulizika mtoto au ndugu posho iliyopita, ni ajabu gani ukiwa na huzuni? Karatasi haijui zamu yako, haijui malaria yako, haijui matanga yako. Mwambie munganga mambo hayo kwa kinywa. Yeye atapima damu kama inafaa, atauliza zaidi, kisha ataamua.

Na jumla ndogo pia haifungi mlango. Kama umepata 6, lakini bibi yako anaona umebadilika na kazi inakushinda, sema hivyo. Na kama ulizo la tisa limejibiwa hata 1 tu, jumla haitazamwi tena. Tutarudi kwenye jambo hilo.

MANENO YETU NA MANENO YA KARATASI

Karatasi hizi zilizaliwa mbali, katika lugha nyingine. Ili zifae, hazitoshi kugeuzwa tu. Lazima zijaribiwe kwa watu wa mahali. PHQ-9 imegeuzwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya na Tanzania. Hiyo ni faida kubwa kwetu. Lakini ninyi mnajua kwamba Kiswahili cha Dar es Salaam na Kiswahili cha Lubumbashi ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Neno moja linatosha kwa mfano: ukisema hapa "Nilimwona munganga", kila mtu anafahamu ulikwenda hospitali. Huko Dar es Salaam, ukisema "Nilimwona mganga", watafikiri ulikwenda kutafuta mizizi! Kama neno la kila siku linageuka hivyo, je, neno la huzuni?

Kwa hiyo usiogope kuuliza. Kama ulizo halieleweki, sema: "Neno hili silijui, nifafanulie." Si aibu yako, ni kasoro ya karatasi. Afadhali kuuliza kuliko kujibu kitu ambacho hukukisikia.

Watu wa Kongo wana majina yao ya ugonjwa huu, na wataalamu wamejifunza kuyasikiliza. Huko Kinshasa watafiti waliwauliza akina mama juu ya shida zinazowapata baada ya kuzaa. Akina mama wakaeleza ugonjwa wanaouita "maladi ya souci", ugonjwa wa mawazo mazito. Watafiti walipoufuata waliona kwamba unafanana na ile depresioni ya vitabu. Ndipo wakazijaribu karatasi za kutoka nje kwa kuzilinganisha na maneno ya akina mama wenyewe. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2008.

Jirani zetu wa Zimbabwe walikwenda mbele zaidi. Kwa Kishona kuwaza kupita kiasi kunaitwa "kufungisisa". Wataalamu huko walitengeneza karatasi yao, yenye maulizo 14, kutoka katika maneno ya wagonjwa wa Kishona. Leo huko Harare akina bibi wazee waliofundishwa wanaitumia. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wanamsomea maulizo, kisha wanamsaidia kutafuta njia ya kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti juu ya kazi yao, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wagonjwa waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Basi ukiwa mbele ya munganga, usione haya kutumia maneno ya nyumbani. "Roho inauma", "kichwa kimejaa", "mawazo hayalali": hayo ni maneno mazuri. Ila eleza vema. Ukisema tu "moyo unauma", unaweza kupelekwa kupimwa mapigo ya moyo, na ukarudi na jibu kwamba huna ugonjwa.

MAMA ALIYEJIFUNGUA

Kwa mama mwenye mtoto mchanga iko karatasi yake. Ilitengenezwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1987. Ina maulizo 10 na inauliza juu ya siku 7 tu. Waliotengeneza karatasi hii walifikiri vizuri: mama yeyote wa mtoto mchanga halali na anachoka, mgonjwa au mzima. Kwa hiyo waliacha maulizo mengi ya mwili na kuuliza zaidi juu ya roho: kama anaweza kucheka, kama anajilaumu bure, kama anaogopa bila sababu.

Baba, sikiliza. Kama bibi yako amejifungua na majuma yanapita, anakaa ukutani, hamtazami mtoto, anasema yeye ni mama mbaya, usimwite mvivu. Usiseme pia upesi kwamba ni watu wa upande wake wamemtupia kitu. Ukitaka kuomba, omba. Lakini mpeleke pia kwenye kliniki ya mama na mtoto, na umwombe muuguzi ampime.

KAZI NJO BABA

Tusimame kidogo kwenye ulizo la sita, lile la kujiona mtu bure. Hapa kwetu lina uzito wa pekee.

Wazee wetu walisema: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Kampuni ilitoa nyumba, posho, hospitali na masomo ya watoto. Mwanaume alijulikana kwa namba yake ya kazi. Ndiyo sababu mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina la wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Miaka miwili baadaye, mwaka 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa mara moja katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, baada ya miezi mingi ya mishahara isiyolipwa. Jamaa ngapi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hazina mtu katika hesabu hiyo?

Mtu aliyefundishwa kwamba kazi ndiyo baba yake, siku kazi inapomwacha anajiona yatima na mwenye hatia pamoja. Anakaa chini ya mwembe, hawatazami watoto usoni. Ukimuuliza: "Baba, uko mzima?", anajibu: "Niko mzima." Lakini ukimpa ulizo la sita kwenye karatasi, peke yake, kimya, pengine ataweka 3. Hiyo ni nguvu ya karatasi: inauliza jambo ambalo ndugu wanaona haya kuuliza, na inampa mtu nafasi ya kujibu bila kutazamwa.

Kwa hiyo usifikiri kwamba ukurasa huu ni wa walio kazini tu. Wewe uliyestaafu, wewe uliyeondoka, wewe unayengoja kuitwa tena, karatasi hii inakufaa pia.

NANI ATAONA MAJIBU YANGU?

Hili ndilo ulizo la kweli la kila mfanyakazi, na ni haki yako kuliuliza.

Wazee wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1950, mji huu ulipoitwa Elisabethville, Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia. Watu walipewa michoro na vipande vya kupanga, na matokeo yalionyesha nani anafaa kwa kazi gani. Yule alikuwa mtihani kweli: ulifaulu au ulishindwa. Kumbukumbu hiyo haijafa, na mtu akipewa karatasi na kalamu anawaza mara moja kwamba anachaguliwa au anatupwa.

Lakini karatasi ya huzuni si ya namna hiyo. Haina jibu zuri wala jibu baya. Haikutengenezwa kwa kuchagua nani apate kazi na nani aondolewe. Ni sehemu ya matibabu, kama kipimo cha damu. Na sheria ya makosa ya jinai ya Kongo inamwadhibu munganga anayetoa nje siri aliyoipata kwa kazi yake.

Hata hivyo, mtu mwenye akili anauliza kwanza. Kabla ya kujibu, sema kwa heshima: "Munganga, karatasi hii itawekwa wapi? Nani ataisoma? Mkubwa wangu wa kazi ataiona?" Ngoja jibu. Uliza pia: "Kuna jambo ambalo utalazimika kuwaambia watu wangu?" Munganga mwema atakuambia wazi kwamba maisha yako yakiwa hatarini, ataita mtu wa jamaa akusaidie.

Kama huwezi kusoma, muuguzi anaweza kukusomea. Lakini omba chumba kilichofungwa. Majibu yanayotolewa mbele ya safu ya watu kwenye benchi si majibu. Na usimwombe mtoto wako au jirani asome: wewe hutasema kweli, na yeye atabeba mzigo usio wake.

Neno moja pia kwa wanaoongeza chumvi ili wapate siku za kupumzika. Munganga atapima tena, na dawa usiyoihitaji itakudhuru. Mtaimbo ni wa kusikiliza mwamba, si wa kuchezea.

ULIZO LA TISA

Sasa tuseme juu ya ulizo la mwisho. Wengi wanaliruka. Wengine wanafikiri ni dhambi hata kulisoma.

Sikiliza vema. Kuwaza kifo katika huzuni nzito ni dalili ya ugonjwa, kama vile joto ni dalili ya malaria. Haina maana kwamba wewe ni mwoga, wala kwamba Mungu amekutupa. Lakini ni dalili ya kushughulikiwa siku ileile. Ukiweka 1, 2 au 3 kwenye ulizo hilo, usiondoke hospitalini kabla munganga hajazungumza nawe. Kama karatasi imekusanywa na hakuna aliyekuita, rudi mlangoni useme: "Nimejibu ulizo la tisa."

Na ninyi wa nyumbani: kama ndugu yenu anasema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake na kuaga bila safari, msinyamaze. Watu wanaogopa kwamba wakimuuliza watamtia wazo hilo. Si kweli. Kumuuliza kwa upole hakumtii wazo, kunamfungulia mlango. Mwambie: "Yaya, unawaza kufa?" Kisha msikilize bila kumkemea. Usimwache peke yake. Ondoeni karibu naye kila kitu cha hatari. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wahenga walisema: "Mficha maradhi, kilio humfichua." Tusingoje kilio.

KUPIMA MARA YA PILI

Karatasi ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui: inaonyesha kama matibabu yanasaidia.

Ugonjwa huu unatibika. Kuna matibabu ya mazungumzo, mtu mmoja au kikundi. Kuna dawa, nazo zinahitaji majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na haziachwi kwa ghafula bila kumwuliza munganga. Katika majuma hayo mtu anakata tamaa upesi. Anasema: "Hakuna kilichobadilika." Ndipo karatasi inapomjibu. Mwanzoni ulikuwa 17, leo ni 11. Hujapona bado, lakini umepiga hatua. Kushuka kwa alama 5 au zaidi huhesabiwa kuwa badiliko la kweli, na shabaha ni kufika chini ya 5.

Mfano mkubwa uko hapa nchini mwetu. Huko Kivu, katika vijiji 16, akina mama waliotendewa jeuri wakati wa vita walipimwa kwa karatasi ya maulizo. Katika vijiji vingine walipewa matibabu ya mazungumzo kwa vikundi, na vingine msaada wa mtu mmoja mmoja. Wakapimwa tena. Miezi 6 baada ya matibabu, katika vile vikundi walibaki 9 katika kila 100 wenye dalili za depresioni au hofu kubwa. Kwa waliopata msaada wa mmoja mmoja walibaki 42 katika kila 100. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2013. Bila kuuliza kabla na baada, nani angejua njia ipi inasaidia zaidi?

Kwa hiyo ukipimwa, iandike jumla yako na tarehe ndani ya daftari lako, na uende nayo siku ya kurudi. Anza na zahanati yako au hospitali iliyo karibu, uwe unakaa komini ya Lubumbashi, Kenya, Katuba au Ruashi. Shida ikizidi nguvu yao, watakupeleka kwa wataalamu. Hapa mjini kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo. Kwenda huko si kwenda gerezani. Ni kwenda kwa fundi anayejua mashine hiyo.

KUMBUKA

1. Karatasi ya maulizo ni kipimo, si mtihani wala hukumu.
2. Jibu juu ya majuma mawili yaliyopita, si juu ya maisha yote.
3. Uliza kwanza nani ataona majibu. Kisha jibu kweli.
4. Neno usilolielewa, liulize.
5. Mwambie munganga zamu yako ya kazi, malaria yako na msiba wako.
6. Jumla kubwa maana yake "tuzungumze". Jumla ndogo haifungi mlango.
7. Ulizo la tisa halirukwi. Jibu lolote juu ya 0 linahitaji msaada leo.
8. Pima tena baada ya matibabu.

Ndugu mfanyakazi, hungekubali mwenzako apite chini ya paa ambalo halijagongwa. Usikubali basi kupita wewe mwenyewe chini ya huzuni ambayo hakuna aliyeisikiliza. Kazi njema, na afya njema nyumbani.